Taa ikicheza, msituambie tung'oe kichwa cha betri

Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari wa wiki jana umeniudhi, na ninaandika kabla udhia haujapoa. Msomaji wa Mbale aliuliza kwa nini taa za mbele za gari lake zinacheza usiku. Mshauri wenu akamjibu kwa mambo mawili: anunue balbu mpya za pande zote mbili, na zisipotulia, awashe injini kisha ang'oe kichwa kimoja cha betri. Injini ikizima, eti alteneta, ile mashine inayochaji betri, imekufa. Isipozima, eti ni nzima. Hakuuliza gari ni la aina gani, wala kama zinacheza zote mbili au moja, wala zinacheza wakati gani.

Mimi ni fundi wa waya hapa Busia, upande wa Uganda. Ninaletewa teksi za kwenda Iganga, Jinja na Kampala, magari madogo ya wafanyabiashara wa mpakani, na lori likifa taa kwenye foleni ya forodha. Nina watoto watu wazima sasa, na bado kuna mteja anayefika, ananitazama juu hadi chini, kisha anauliza, "Nyabo," yaani mama, "fundi yuko wapi?" Humjibu kwamba fundi amekwenda kunywa chai, akae amsubiri. Halafu nafungua boneti.

Kwanza hicho kichwa cha betri, maana ndicho kitakachomtia mtu hasara wiki hii hii. Zamani, kwenye gari lisilo na kompyuta hata moja, mafundi walifanya mchezo huo na mara nyingi wakasalimika. Siku hizi hapana. Betri haikuwekwa pale kwa ajili ya kuwasha gari tu. Injini ikishawaka, yenyewe ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme wa alteneta. Ukiing'oa ghafla wakati alteneta inasukuma umeme mwingi, volti zinaruka kufumba na kufumbua, mara nyingine zinapita 40, na hazina pa kwenda isipokuwa kwenye katauti (kifaa kinachodhibiti volti za alteneta), redio, balbu na kompyuta ya injini. Nimeletewa magari yakivutwa kwa kamba baada ya jaribio hilo, na shida yaliyoanza nayo ilikuwa taa tu. Tena jaribio lenyewe ni shahidi wa uongo. Alteneta yenye diodi moja mbovu, yaani kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inaweza kuiendesha injini vizuri kabisa huku inaharibu betri na kuchezesha taa. Naomba mchapishe masahihisho ya jambo hili peke yake, hata kama sehemu nyingine ya barua yangu mtaikata.

Kinachotakiwa ni mita ya umeme. Mita ya bei nafuu kabisa inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima betri: volti 12.6 ni betri iliyojaa, na ukikuta 12.2 ujue imebaki kama nusu. Washa injini, pima tena palepale kwenye betri. Utarajie kati ya 13.8 na 14.5. Sasa washa taa, feni na redio, ongeza mwendo wa injini kidogo, uangalie kama namba inakaa. Ikishuka chini ya 13, alteneta, mkanda wake au waya zake haziwezi mzigo. Ikipita 15, katauti imeshindwa kazi na utakuwa unanunua balbu kila mara bila kujua zinauawa na nini. Lori la volti 24, zidisha mara mbili. Kisha geuza mita kwenye alama ya umeme wa mawimbi, ule kama wa nyumbani, injini ikiwa bado inanguruma na taa zinawaka. Alteneta nzuri itaonyesha karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, diodi za ndani zina ugonjwa, na hapo hujamgusa mtu wala kung'oa kitu.

Lakini hata mita nachelewa kuitoa. Naanza kwa kumuuliza dereva: taa yako inacheza pamoja na nini? Swali hilo ndilo mshauri wenu angepaswa kumuuliza huyo ndugu wa Mbale kabla ya kumtuma dukani.

Zikicheza zote mbili na kubadilika na mwendo wa injini, yaani gari likisimama zinafifia na ukikanyaga mafuta zinapanda, tazama upande wa kuchaji: mkanda uliolegea au uliochakaa hata unapiga kelele asubuhi, kaboni za alteneta zilizokwisha, na vichwa vya betri vyenye unga mweupe. Huo unga unatolewa kwa maji ya moto na brashi. Injini iwe imezimwa, uanze kufungua hasi, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Nyingi ya kesi za namna hii huishia hapo, na watu huondoka wamenuna kwa sababu walikuja na fedha za alteneta.

Zikififia mara moja tu pale feni ya radieta inapoanza au unapopandisha kioo, kisha zikarudi, huo si ugonjwa. Mzigo umeingia, alteneta imechukua muda mfupi kuufikia. Nimekwisha kuwarudisha wateja nyumbani na tatizo hilo na hawakuamini.

Ikicheza moja, na inacheza na barabara, yaani kila shimo, kila tuta, kila kipande cha murram, hapo ni mahali palipolegea, na ni jirani na taa hiyo. Zikicheza zote mbili kwa barabara hiyo hiyo, rudi nyuma hadi kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), kisanduku cha fyuzi, au swichi ya usukani. Swichi hiyo unaweza kuijaribu kwa kidole. Gari limesimama, taa zinawaka, isukume taratibu juu na chini bila kuibadilisha. Taa zikipepesa, vidole vya chuma vya ndani vinavyogusana vimeungua. Kwenye magari ya zamani umeme wote wa taa hupita mle ndani, na balbu mbili za wati 55 zinavuta zaidi ya ampea 9 kwa pamoja. Vidole vidogo vile vitavumilia miaka mingapi? Kubadilisha swichi kunasaidia. Kufunga rilei ili swichi ibaki kutoa amri tu kunasaidia zaidi.

Nitatoa mfano mmoja ili nisionekane nahubiri hewani. Kuna kijana wa droni, Hiace hizi mpya za teksi, taa yake ya kushoto ilikuwa inafifia na kucheza akitoka Bugiri usiku. Alishabadilisha balbu kwenye duka moja, akabadilisha tena kwenye duka la pili ambako walimwambia zile za kwanza zilikuwa feki. Kila balbu mpya ilitulia siku chache halafu ikaanza tena. Kutulia huko ndiko kulikomdanganya. Ukichomoa balbu na kuingiza nyingine, miguu yake inakwangua vile vishikio vya ndani ya holda, pale balbu inapochomekwa, kutu inatoka kidogo, umeme unapita. Baadaye kutu inarudi. Kwa hiyo si balbu iliyoponya taa, ni kule kuchomoa na kuingiza.

Nilipovuta holda, plastiki ilikuwa ya kahawia upande mmoja, na kishikio kimoja kimelegea hata hakiushiki mguu wa balbu. Hesabu yake ni rahisi. Balbu ya H4, ile yenye nyuzi mbili, kwenye dimu (mwanga wa chini) inavuta kama ampea nne na nusu. Kiungo kibovu kikila volti moja tu, kinatoa joto la zaidi ya wati nne, palepale, ndani ya plastiki ndogo iliyofungiwa nyuma ya taa. Joto linalegeza kishikio, kishikio kilicholegea kinaongeza joto. Na mwanga unaanguka kuliko watu wanavyodhani: balbu ya halojeni ikipungukiwa volti kwa sehemu moja ya kumi, mwanga wake unapungua karibu theluthi. Ndiyo maana dereva anasema taa "imechoka" wakati balbu ni ya jana.

Nikamfungia holda ya kauri na waya mnene wa milimita za mraba mbili na nusu, nikabana viungo kwa koleo yake na kuvifunika, maana kusokota waya kwa vidole na kuzungushia tepu ni kumpa mteja tarehe ya kurudi. Nikamwonya pia juu ya jambo aliloshauriwa dukani: balbu za wati 100 kwenye fulu (mwanga wa juu) na 90 kwenye dimu. Zinauzwa waziwazi, na kwa wiki mbili dereva anajiona mfalme wa barabara. Kila moja inavuta ampea saba na nusu kwenye dimu, wakati holda na waya za kiwandani zilipimwa kwa wati 60 na 55. Kisha fyuzi inakatika, na badala ya kuuliza kwa nini, mtu anaweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya. Gari linaloungua pembeni ya barabara huanza hivyo.

Sasa waya wa ethi, ule unaofungwa kwa boliti kwenye bodi ili umeme urudi kwenye betri. Huu ndio ninaoushuku kwanza kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ya vumbi letu, mvua yetu, na mabomba ya nguvu ya kuoshea magari ambayo vijana hulenga moja kwa moja nyuma ya taa. Boliti inashika kutu chini ya rangi, macho hayaoni kitu. Dalili yake moja ni ya ajabu kidogo: unawasha dimu, taa ya upande mmoja inafifia, na ile alama ya bluu ya fulu kwenye dashibodi inawaka kwa mbali, hafifu, ingawa hujawasha fulu. Umeme umekosa njia yake ya kurudi, sasa unapenya kwenye uzi wa fulu wa balbu hiyo hiyo ili utafute njia upande wa pili.

Kuuhakikisha si kazi. Taa ziwe zinawaka. Ncha moja ya mita iweke kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mguu wa ethi wa balbu. Ukisoma volti 0.1 au 0.2, ethi ni nzuri. Ukisoma nusu volti au zaidi, umempata mwizi. Asiye na mita achukue kipande cha waya mnene, aunganishe hasi ya betri na sehemu ile ya ethi huku taa zinacheza. Zikitulia na kung'aa, jibu limepatikana. Fungua boliti, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake. Usipopaka, mwaka hautaisha bila kutu kurudi.

Hapa ndipo mshauri wenu aliponiudhi kwa mara ya pili, pale alipoandika kwamba katika kila gari "waya wa pamoja wa balbu ndio ethi". Si kweli, na sisi Uganda ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika, kwa wingi wa Toyota tulizonazo. Katika Toyota nyingi za zamani mguu wa pamoja wa balbu, ule unaotumiwa na nyuzi zote mbili, ni chanya. Umeme unafika pale moja kwa moja kupitia fyuzi, na swichi inakata upande wa kurudi. Fundi asiyejua hilo atafunga mguu huo kwenye bodi na fyuzi italipuka, au atapima, akute volti 12 mahali alipotarajia sifuri, aseme waya zote zimeharibika zing'olewe. Kwenye magari hayo ile alama ya bluu inayowaka kwa mbali mara nyingi ina maana nyingine: fyuzi ya taa ya upande mmoja imekatika au haishiki vizuri. Kwa hiyo kabla ya kufunga ama kukata chochote, pima kwanza mguu upi una umeme taa zikiwa zimezimwa na zikiwa zimewashwa.

Kuhusu LED nitasema kwa ufupi ingawa ndizo zinazoleta kelele nyingi. Mtu akitumwa kununua balbu siku hizi, iwe soko la Kisekka kule Kampala au kibanda cha hapa, atauziwa LED. Uzi wa halojeni ukikatiwa umeme kwa nukta ndogo unabaki umewaka kwa joto lake, jicho halioni. LED haina joto la kubakia, inazima papo hapo. Kiungo kibovu au diodi mbovu iliyokuwa imejificha inaonekana siku hiyo hiyo, na mtu anarudi dukani kugombana. Rudisha halojeni ya zamani kwanza. Ikitulia kabisa na mita haionyeshi kasoro, basi LED yenyewe au kisanduku chake ndicho kibovu, na zipo nyingi zinazocheza zikipata moto. Ile michirizi unayoiona ukizipiga picha ya simu usiihesabu; hiyo ni kamera na taa kutopatana mwendo. Na hata zikitulia, LED iliyochomekwa kwenye taa iliyotengenezewa uzi wa halojeni hutawanya mwanga hadi machoni mwa wenzako. Sizifungi, na wateja wanajua.

Wenye taa za zenoni za kutoka Japani wasiguse kitu wao wenyewe. Zikianza kucheza na kugeuka rangi ya waridi, balbu imezeeka. Zikiwaka na kuzima kabisa, tazama balasti, kile kisanduku kinachoipa balbu umeme. Lakini kuziwasha kunahitaji zaidi ya volti 20,000. Hapo hapajaribiwi kwa kidole wala kwa mita ya kawaida.

Mtaniuliza kwa nini nimechukua nafasi kubwa hivi kwa taa kucheza, wakati taa bado inawaka. Kwa sababu barabarani kwetu taa inayopepesa ni lugha. Ukimpepesa anayekuja, umemwambia askari wako mbele, au punguza fulu, au pita nakupisha. Sasa fikirieni dereva wa trela anatoka Malaba, amejibana nyuma ya trekta la miwa karibu na Kakira, anatafuta nafasi ya kulipita. Anaona taa zako zinapepesa. Yeye amesoma "pita". Wewe umeingia kwenye shimo tu. Na taa ya kulia ikifa kabisa, ile ya upande wa katikati ya barabara, anakuona kama boda boda iliyoshika kushoto, naye anakata kona akidhani nafasi ipo. Ukipita msitu wa Mabira usiku wa mvua utajua nasema nini.

Kwa hiyo msomaji wenu wa Mbale, kabla ya kutoa shilingi, asimamishe gari mbele ya ukuta leo jioni, awashe taa, na mtu mwingine atikise taratibu fundo la waya nyuma ya kila taa, injini imezimwa, kisha awashe injini atazame tena. Aandike ni upande gani, na kama ilicheza kwa kutikiswa au kwa injini. Karatasi hiyo ampelekee fundi. Na kazi ikiisha adai vitu viwili: holda au kipande kilichotolewa akione kwa macho yake, na mita isomwe mbele yake taa zikiwa zinawaka. Fundi akisema mita yake imeishiwa betri, amwambie atasubiri.

Wako,
Fundi wa waya,
Busia, Uganda